Ritani Yangu, Saruji Yangu na Adui Aitwaye Reokadia

Bwana asifiwe, watu wa Kasulo! Mbona mnaitika kama watu waliofunga tangu juzi? Nasema Bwana asifiwe! Haya, sasa nimewasikia. Wazee wangu, shikamooni. Wageni wetu mliotoka Kanazi na Biharamulo, karibuni sana, mjisikie mko nyumbani.

Kwa wasionijua, mimi ni Leokadia, Mama Editha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale barabarani. Wengi wenu mabati mliyoezekea mmenunua kwangu. Wengine hamjamaliza kulipa, lakini tulieni, leo sikuja kudai. Nimekuja kushuhudia.

Na ushuhuda wangu ni wa ritani ya VAT. Mnacheka? Chekeni tu. Najua mmezoea kusikia watu wakiponywa miguu na vifua, na mimi namsifu Mungu pamoja nao. Lakini mimi mguu wangu ulikuwa mzima. Bwana alinitendea kwenye kodi, sasa mnataka niseme alinitendea wapi?

Ndugu zangu, ritani ni hivi. Biashara yako ikishasajiliwa VAT, kila mwezi unaieleza serikali: nimeuza hiki, nimenunua hiki. Unachukua kodi uliyowatoza wateja, unatoa kodi uliyolipa wewe uliponunua mzigo, kinachobaki ndicho unachopeleka. Mimi nilikuwa sikosi. Ikikaribia tarehe ishirini nafunga duka mapema, nakaa na kompyuta yangu, najaza, natuma, basi. Baba Editha alikuwa ananitania kwamba nikifika mbinguni nitauliza kwanza kama ritani inatumwa kabla ya kuimba au baada ya kuimba.

Mzigo wangu wote nachukua kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla kule Biharamulo. Zamani nilikuwa nakwenda mwenyewe. Nafika dirishani, natoa cheti changu chenye namba ya mlipakodi, yule dada wa mauzo anaandika risiti, napanda lori na saruji yangu tunarudi. Halafu nikajifungua kitindamimba wangu, safari zikanishinda, nikaanza kuagiza kwa simu. Napiga, nasema ninachotaka, natuma malipo, lori linaleta mzigo pamoja na risiti. Weee, niliona raha! Nikajiambia, Leokadia, umekuwa mama mkubwa sasa, unaagiza umekaa kitako.

Mwezi wa kwanza wa hiyo raha nikafungua ritani. Mfumo unavuta wenyewe risiti zote zenye namba yako. Mauzo yangu nikayaona yote. Manunuzi, sifuri. Nikatoka, nikaingia tena. Sifuri! Nikasema labda ni mtandao wetu huu wa Ngara, ngoja nisubiri utulie. Nikasubiri mpaka tarehe ikapita, faini ikaja. Mwezi wa pili, sifuri tena. Ndugu zangu, hebu fikirieni. Duka limejaa saruji mpaka mlangoni, na mfumo unasema huyu mama hajanunua hata mfuko mmoja! Maana yake kodi ya mauzo yote niilipe nzima nzima, bila kupunguziwa chochote, juu yake faini. Hata ningeuza duka na rafu zake nisingefika.

Nikabeba risiti zangu mpaka ofisi ya kodi. Nilikuta dada mmoja mpole, akazipokea, akazitazama moja moja. Akaniambia, "Mama, hizi risiti zina namba ya mlipakodi mwingine." Nikamwuliza ni nani huyo. Akasema mambo ya mlipakodi mwingine haruhusiwi kunitajia, niende kwa aliyeniuzia anisaidie.

Nilitoka pale na risiti zangu kwapani. Kwa hiyo kuna mtu! Kuna mtu amekaa mahali, anakula saruji yangu!

Nyumbani Baba Editha hakutania tena. Alipiga hesabu ya deni mpaka usiku, halafu akasema, Mama Editha, tuuze kibanja. Mnakijua kibanja changu cha Murusagamba. Migomba ile aliipanda mama yangu kwa mikono yake, na yeye mwenyewe tumemzika humo humo. Hakuna kitu kingine tulichonacho chenye bei ya deni lile. Mnunuzi akapatikana, akaja kukipima kwa hatua zake ndefu, akapita karibu kabisa na kaburi la mama, akatuambia atatupa mpaka mwisho wa mwezi ujao tuamue. Nililia, ndugu zangu. Nililia mpaka kitindamimba wangu akaanza kulia naye bila kujua analilia nini.

Basi nikaingia kwenye maombi. Nilifunga, nikasali novena ya siku tisa, rozari ilikuwa haitoki mkononi hata nikipima misumari. Lakini niwaambie nilivyokuwa naomba? Nilikuwa nasema, "Bwana, huyo anayekula saruji yangu, imkwame kooni! Mfichue, Bwana! Mwaibishe mbele za watu!" Mbele ya Sakramenti nilisema hivyo, kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa jirani yangu akahama benchi.

Nilipomaliza novena nikafunga safari ya Biharamulo. Nilikwenda nimejifunga khanga kiunoni. Sikwenda kuuliza, nilikwenda kupigana.

Nikafika dukani kwa yule mfanyabiashara, nikaambiwa nisubiri, dada wa mauzo yuko ghalani anahesabu mabati. Kuna benchi pale nje. Nikamkuta mama mmoja mnene, amefunga kitambaa cha kijani kichwani, na yeye amejifunga khanga kiunoni kama mimi. Ana karanga kwenye karatasi. Nilipokaa tu, akanisogezea zile karanga bila kuniuliza natoka wapi. Nikala. Zilikuwa zimekaangwa vizuri, zina chumvi ya kutosha.

Tukaanza kuongea. Mnajua sisi wanawake tukikutana, jina hatuulizani. Unamwita mwenzako mama yangu, inatosha. Nikamwambia, mama yangu, unaniona hivi, kuna mtu anataka kuniangamiza, anakula mali yangu. Akaguna, akasema, "Usiniambie! Hata mimi. Kuna mtu anatumia jina langu, watu wa kodi wananifuata kwa vitu nisivyovijua. Nimeambiwa nikishindwa kujieleza, mgahawa wangu unafungwa. Nina watoto na wajukuu wanakula pale."

Nikamshika mkono. Nikamwambia, unasali? Akasema nasali. Siyo kanisa letu, lakini Mungu ni yule yule. Tukainamisha vichwa palepale kwenye benchi, wapakizi wanatutazama. Nikaongoza mimi. Nikasema, Bwana, mtazame dada yangu huyu! Na huyo adui yake, Bwana, mfichue leo hii! Akasema amina. Akaongoza yeye, naye ana sauti huyo, siyo mchezo. Akasema, Bwana, na adui wa huyu mama, popote alipo, mtoe mafichoni, mlete hapa tumwone kwa macho! Nikasema amina kubwa.

Ndugu zangu, amina ile haijapoa, dirisha likafunguliwa. Yule dada wa mauzo akatoa kichwa, akaita, "Reokadia!"

Tukasimama sote wawili.

Nikamwangalia. Akaniangalia. Nikasema, mama yangu, nimeitwa mimi. Akasema, hapana, nimeitwa mimi. Nikasema, wewe unaitwa nani? Akasema, "Reokadia. Na wewe?" Nikasema, "Reokadia."

Yesu wangu! Karanga zikamwagika chini.

"Kumbe ndiwe wewe!" akapiga kelele. "Ndiwe unayenunua saruji kwa jina langu! Watu wa kodi wananiuliza saruji yote hiyo nimemwuzia nani. Mimi nina mgahawa! Kwani nawapikia wateja saruji?"

Na mimi nikasema, kumbe ndiwe unayekula saruji yangu! Dada wa mauzo akatoka mbio, akajitia katikati yetu, akatwambia tuingie ndani kabla hatujararuana.

Sasa sikilizeni Mungu alivyo. Dada akafungua kompyuta yake, akatuonyesha majina ya wateja. Kuna Leokadia wa Kasulo, kwa L. Huyo ni mimi, kama nilivyoandikwa kwenye cheti cha ubatizo. Na kuna Reokadia wa Biharamulo, kwa R. Huyo ni yeye. Aliyemwandikisha siku ya ubatizo wake aliandika kama alivyosikia. Alinunua hapo saruji na mabati mara moja tu, alipojenga mgahawa, jina na namba yake vikabaki humo.

Dada akaniuliza kwa upole, "Mama, hebu nikumbushe, wewe ukipiga simu huwa unasemaje?"

Nikamwambia, nasema kama watu wote wanavyosema. Nasema, "Haro! Ni Reokadia hapa, niretee saruji."

Ghala zima lilicheka. Wapakizi waliweka mifuko chini wakacheka. Mimi nimezaliwa Murusagamba, ndugu zangu. Kwetu L na R tunazitumia yoyote inayofika mdomoni kwanza. Miezi yote hiyo nimekaa kitako kama mama mkubwa, naagiza mzigo, na kwa mdomo wangu mwenyewe namwandikia mwanamke wa Biharamulo! Yule dada wa watu alikuwa anaandika anachosikia. Na mimi risiti zikija naona Reokadia, nasema ndio mimi huyo, naziweka kwenye kopo.

Hakuna mwizi. Hakuna mchawi. Adui niliyemfungia siku zote zile alikuwa ulimi wangu, na yule niliyeomba saruji imkwame kooni alikuwa amekaa pembeni yangu ananigawia karanga!

Mama Reokadia akakaza khanga yake kiunoni. Nikafikiri sasa ndiyo napigwa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema, "Mama yangu, Mungu amejibu haraka kweli. Tumemwomba amtoe adui mafichoni, akatutoa wawili kwa mpigo." Tukakumbatiana pale, khanga zetu bado ziko viunoni.

Mwenye duka akaitwa. Akakubali risiti zile zifutwe na kuandikwa upya kwa namba yangu, akatupa na barua ya maelezo, kila mmoja ya kwake. Nikazipeleka kwa yule dada mpole wa ofisi ya kodi. Faini nikaandika barua ya kuomba zifutwe, nikaeleza habari ya ulimi wangu bila kuficha kitu. Nasikia barua ile waliisoma kwa sauti, wakaitana kuisikiliza. Waisome tu! Tulisubiri wiki kadhaa, na mnunuzi wa kibanja anapiga simu kila siku anataka jibu. Baba Editha hapokei. Mwisho wa mwezi ukawa unatunyemelea.

Siku moja, mchana wa jua kali, nikafungua ritani. Nilifumba macho. Nikasema Yesu, nikafumbua. Manunuzi yamejaa! Saruji yangu, mabati yangu, nondo zangu, misumari yangu, vyote vimesimama kwa L! Nilipiga yowe, majirani wakaja mbio wakidhani nimefiwa. Nikawaambia ingieni, njooni muone ritani! Hawakuelewa kitu lakini walipiga vigelegele. Nikajaza, nikatuma, ikaandikwa imepokelewa. Faini nazo zikafutwa. Kodi niliyostahili kulipa nikailipa siku ile ile, na niliilipa nikiimba.

Baba Editha akapokea simu ya mnunuzi. Akasema maneno mawili tu: "Kibanja hakiuzwi." Kisha akaniambia nipige simu nyingine kwa yule dada wa Biharamulo, niagize saruji, anataka kusikia nitasema nini. Huyo ndiye mume wangu, amerudi kwenye utani wake, Mungu atukuzwe.

Nilikwenda Murusagamba. Nikapiga magoti kwenye kaburi la mama, nikamwambia, tumebaki hapa hapa, mama. Nikakata mkungu mkubwa kuliko yote, nikapakia kwenye gari la kwenda Biharamulo, nikaupeleka mgahawani kwa Mama Reokadia. Tukaupika siku hiyo hiyo. Ndizi za mama yangu, ndugu zangu, ningekuwa nimeziuza kwa sababu ya herufi moja.

Kwa hiyo nasema asante Yesu! Asante kwa dada wa ofisi ya kodi, asante kwa dada wa dirishani. Na wewe unayenisikia, labda una jambo limekufunga, umelala njaa ukimwomba Mungu ampige mtu fulani. Endelea kumwomba Mungu, usiache. Mwamini, anasikia. Lakini ukimpa jambo lako mpe lote, na yeye ndiye achague wa kukuonyesha. Mimi nilimwomba anionyeshe adui. Alinionyesha dada, na kibanja kikabaki changu. Kama ungependa kumkabidhi Bwana jambo lako leo, njoo hapa mbele tuombe pamoja, usione haya. Hakuna jambo lililo la ovyo mno kwake. Mimi nilimletea la VAT.

Ila kabla ya kuomba kuna kitu kimoja. Adui yangu nimekuja naye. Yuko benchi la tatu, mwenye kitambaa cha kijani, na karanga anazo kwenye mkoba, msione aibu kumwomba. Nimefanya mazoezi wiki nzima nimwite vizuri mbele yenu, kwa herufi yake mwenyewe. Mama yangu, simama watu wakuone.

Leoka... Haya, ngojeni. Reokadia!

Mmeona? Safari hii amesimama yeye peke yake. Bwana asifiwe!