Ushuru wa Vitanda na Kaburi la Dirma

PATRIKI: Haloo, ofisi ya utalii. Nani mwenzangu? Paza sauti, laini inanguruma!

KONSOLATA: Konsolata, wa gesti ya Katesh!

PATRIKI: Oo, shemeji! Shikamoo.

KONSOLATA: Marahaba. Patriki, Gidahosh yuko hapa analia. Kaka yangu, mtu mzima na mvi zake!

PATRIKI: Kuna msiba?

KONSOLATA: Amepeleka pombe ya asali kaburini kwa baba, kule Dirma. Amekuta waya, geti, kufuli!

PATRIKI: Aa... hilo. Kamati ya utalii ilipitisha tulizungushie —

KONSOLATA: Kwa hela gani?

PATRIKI: Ushuru wa vitanda, ule wa kila mgeni anayelala gesti.

KONSOLATA: Ninaokatwa mimi!

PATRIKI: Gesti zote, shemeji. Na sheria inabana, hela ile ni ya kuvuta wageni tu, hatuwezi —

KONSOLATA: Si niliomba kibao cha njia ya mlimani? Hicho hakivuti?

PATRIKI: Kibao wanakipita. Kaburi wanalipiga picha. Wewe mwenyewe ulisema wanalisifu, lilivyoinuka kama kichuguu katikati ya ngano.

KONSOLATA: Nilisema wanalisifu, sikusema mlifunge! Hata trekta za shamba la serikali zililizunguka. Nyie mmeshindwa?

PATRIKI: Haloo? Inakatika...

KONSOLATA: Haikatiki. Unanisikia vizuri sana.

PATRIKI: Tulia, shemeji. Jumamosi linakuja basi zima la watalii kutoka Arusha. Nimewapangia kwako. Vyumba vyote.

KONSOLATA: Basi zima?

PATRIKI: Si ulilalamika gesti inakufa? Dawa ndiyo hiyo.

KONSOLATA: Vyote?

PATRIKI: Vyote!

KONSOLATA: Na Gidahosh akitaka kuongea na baba?

PATRIKI: Atapita getini. Wenyeji wanalipa nusu ya kiingilio.

KONSOLATA: Nusu.

PATRIKI: Wewe bure! Nitamwambia mlinzi —

KONSOLATA: Patriki, nimekasirika. Wageni wako hawalali kwangu.

PATRIKI: Usifanye hivyo! Utakula nini?

KONSOLATA: Sijui. Lakini vyumba vimejaa.

PATRIKI: Vimejaa nani? Juzi ulikuwa huna hata mmoja!

KONSOLATA: Gidahosh hakuja peke yake. Wazee wa vijiji vya Dirma na Getanuwas wako uani na fimbo zao. Watalala hapa mpaka geti ling'olewe.

PATRIKI: Shemeji, opereta anataka kukata —

KONSOLATA: Na ushuru wa vitanda vyao —

PATRIKI: Shemeji, tuelewane —

KONSOLATA: — njoo uwadai mwenyewe.

PATRIKI: Haloo? Shemeji? Haloo!