Shavu la Kushoto la Mzee Hilding

Benchi lenyewe lipo nyuma ya jengo la kampuni ya magemu, mjini Malmö, pale upepo wa mfereji unapopita bila kupiga hodi. Wenyewe ni watatu. Yupo Sixten, wanayemwita Mifupa kwa kuwa kazi yake ni kuchonga mafuvu na mataya kwenye kompyuta. Yupo Ylva, wanayemwita Taa, mpangaji wa mwanga. Na yupo Torkel, fundi wa ngozi, ambaye hana jina la utani kwa sababu hajawahi kufanya jambo la kuchekesha. Kutwa hupokezana chupa ya kahawa na kubishania makunyanzi na chunusi za watu wasiokuwepo. Siku hiyo ya Februari walimbishania mtu aliyewahi kuwepo. Kwenye gemu lao kulikuwa na dereva wa lori, na Torkel alikuwa amempa sura ya baba yake, mzee Hilding, aliyezikwa mwezi uliopita. Alitaka mzee abaki mahali fulani, basi. Saa nane mchana mkuu wao, Birgitta, angeukagua uso huo. Akiukataa, unafutwa, na dereva anavalishwa ngozi ya kununua.

Saa saba na nusu Torkel aliwaonyesha uso kwenye simu.

— Amekufa, alisema Mifupa.

— Najua amekufa. Mimi ndiye niliyemzika.

— Sio mzee, bwana. Huyu wa kwenye simu. Macho mazima, ngozi ya maiti.

Ilimchoma Torkel, kwa sababu hata yeye alikuwa akiliona hilo kwa wiki tatu.

— Tatizo ni damu, alidakia Taa. Ngozi sio rangi ya ukutani. Mwanga unazama ndani, unakutana na damu, unatoka mwekundu. Weka kiganja mbele ya tochi uone.

— Damu nimeweka mpaka masikioni.

— Basi ni vinyweleo, alisema Mifupa. Vimejipanga kama askari wa gwaride.

— Nimevitoboa kimoja kimoja, Mifupa. Pua peke yake siku mbili!

— Basi mafuta. Mzee wa huku, kipindi cha baridi, anatoa wapi uso unaong'aa hivyo? Ulikuwa unamkaanga?

Taa alimega andazi la mdalasini, akatafuna huku akitikisa kichwa.

— Nyie hamjui kitu. Ngozi inataka maradhi. Lile zimwi letu la kinamasi, si liligoma kuwa hai mpaka likapewa ukurutu shingoni? Mpe mzee ukurutu.

— Baba yangu hakuwa na ukurutu!

— Zimwi nalo hakulizaa mtu mwenye ukurutu.

— Tulieni, alisema Mifupa, akashusha sauti. Mimi nina lingine, na msicheke. Kompyuta inajua. Ukiipa picha za aliye hai, inatoa uhai. Ukiipa za marehemu, inakurudishia marehemu wako.

— Eti kompyuta inajua msiba?

— Inajua kuliko sisi. Mimi na Taa, nani alikwenda mazishini?

Kati yao wawili hakuna aliyekuwa amekwenda. Taa aliliangalia andazi lake, na Torkel akajifanya anafuta kioo cha simu.

Hapo ndipo alipokuja Kerstin, mama wa makamo anayeleta vinywaji kwenye mgahawa wa jirani. Aliliacha lori lake na taa zikiwakawaka, akaomba nafasi apumzishe mgongo.

— Mbona mmenuna hivyo? Huyo nani?

— Baba yangu, alisema Torkel. Aliendesha lori la magogo miaka arobaini.

— Ee, mwenzangu huyo. Hebu nimwone.

Akaichukua simu, akaugeuza uso kwa kidole, huku na huku. Kisha akawageuzia wa kwake. Shavu lake la kulia lilikuwa la mama wa miaka hamsini. La kushoto, la upande wa dirisha, maana huko usukani uko kushoto, lilikuwa limechakaa kwa jua, mabaka matupu na mifereji, utadhani la dada yake mkubwa.

— Huyu wenu hajaendesha hata baiskeli, alisema. Mashavu yamelingana.

Mifupa aligeuka taratibu.

— We Torkel. Kioo hukukizima?

Kioo ni kitufe tu cha programu yao ya kuchorea. Ukichora shavu la kulia, la kushoto linajichora lenyewe vilevile. Kila fundi hukiwasha mwanzoni na kukizima baadaye, maana hakuna binadamu aliyelingana pande mbili, na Torkel mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafokea wageni wa kazi kwa kukisahau.

— Sikusahau, alisema. Nina picha kumi na moja, zote za upande wa kulia. Mama alizipiga akiwa kwenye kiti cha abiria lorini.

— Picha achana nazo, mwanangu, alisema Kerstin. Wewe ulimwona kwa macho. Shavu la kushoto lilikuwaje?

Torkel alifumba macho. Akaliwaza lori, na yeye mtoto kwenye kiti cha abiria. Akaiwaza meza ya jikoni, ambapo bega la kushoto la mzee lilikuwa ukutani. Akakiwaza kitanda cha hospitali, kilichosukumwa ukutani vilevile, na yeye, mara mbili alizokwenda, amekaa kwenye kiti cha upande uleule wa kulia akiangalia saa. Alijaribu kumgeuza mzee kichwani mwake, na mzee hakugeuka.

— Sijui, alisema.

— Buni tu, alisema Taa kwa upole. Mabaka, makunyanzi. Nani atajua?

Simu ilitetemeka mkononi mwa Kerstin, naye, kwa kuwa ilikuwa mbele ya macho yake, akausoma ujumbe kwa sauti.

— Anaitwa Birgitta. Anasema ameukagua mapema. Uso umepita. Mzuri sana, na kuanzia sasa usiguswe tena.

Akamrudishia simu yake. Torkel alilia palepale benchini, mchana kweupe, na hakuna aliyempa hongera.