Moto wa Vitambaa: Risala ya Kikundi cha Maigizo Nakwa kwa Mlezi Wake

Mgeni rasmi, mlezi wetu Mama Scholastica. Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, ndugu Jovin. Wazazi na majirani, mliokaa na mliosimama: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

KARIBU NAKWA

Tumefurahi umekuja. Mbao za jukwaa hili ulitupatia wewe, na bado hazijapinda. Asante.

TULIKOTOKA

Mchezo wetu unaopendwa ni ule wa mama anayerudi ndani ya nyumba inayoungua kumfuata mtoto. Zamani nyumba hiyo tuliichoma kweli: miti, maboksi, petroli kidogo. Aliyeingia alikuwa Konstantini, tunayemwita Baba Teodori, fundi cherehani wa hapa hapa, amevaa gauni na kilemba. Watu walimpenda, naye alipenda kupendwa.

Siku moja kule kijijini Sigino upepo uligeuka. Gauni lilishika moto kabla hajafika mlangoni. Akapiga kelele, "Nakufa jamani!" Watazamaji wakapiga makofi. Alivyozidi kulia, nao wakazidi kushangilia, wakidhani ndiyo maigizo yenyewe.

Mkono wa kulia ulipona ukiwa umekunjamana, na vidole viwili havinyooki. Alirudi kwenye cherehani, lakini kwetu hakurudi. Akitukuta mazoezini, alivuka barabara. Kilichomkera si maumivu. Ni yale makofi. Aliyasikia akishona, aliyasikia akila. Mwisho akajiuliza: kama watu hawawezi kumtofautisha anayeungua na anayeigiza, basi kuungua kuna faida gani?

TULICHOFANIKIWA

Akatujia na fuko la vitambaa. Baada ya mavuno alikuwa ameshinda mashambani kule Singe akitazama mabua ya mahindi yakichomwa, akaenda kushona ndimi za moto kwa kitambaa chepesi kama skafu: chini njano, katikati rangi ya chungwa, ncha nyekundu. Feni inalazwa chini, inapuliza kwenda juu. Mbele ya balbu mtu anazungusha kopo lenye matundu ili mwanga uyumbe. Mlio wa kuni ni mfuko wa nailoni unaofikichwa karibu na maikrofoni.

Hakupatia mara moja. Mwanzo aliweka balbu nyekundu tupu. Naipei, ambaye sasa ndiye mama wa mchezo, akamwambia, "Baba Teodori, hapa umetujengea baa." Alinuna, kisha akabadilisha.

Halafu tukaigiza karibu na mnada. Mzee Sankok, mfugaji aliyekuja kuuza ng'ombe, alivua shuka lake, akaruka jukwaani kuupiga moto. "Mmekaa tu kama magogo! Mama wa watu anaungua!" Feni ilivunjika. Alipojikuta ameshika kitambaa akasema, "Kumbe moto wa cherehani!" na akakataa kuondoka mpaka aonyeshwe tena. Sisi tulisikitikia feni. Konstantini alimshika mzee mkono, hakumwachia upesi. Akatuambia, "Huyu ndiye mtu niliyekuwa namtafuta kule Sigino."

CHANGAMOTO

Umeme hukatika, hilo kila mtu analijua. Kubwa ni hili. Wiki iliyopita kamati ilituelekeza kwamba leo nyumba ichomwe kwa petroli. Ndugu Jovin, yuko hapa na anisahihishe, alisema, "Mgeni rasmi hawezi kutoka kwake kuja kuangalia matambara. Tena kwenye simu moto wa kweli unatoka vizuri."

Naipei akamjibu, "Kaka Jovin, kwenye moto wa Baba Teodori mimi naingia nikiimba. Kwenye wa petroli utatangulia wewe."

Tulicheka. Konstantini hakucheka. Alianza kukunja vitambaa vyake kimoja kimoja, akasema petroli ikiingia yeye anatoka, na safari hii harudi.

Tuliambiwa pia kwamba tukikataa, ulezi wako utakwisha. Mama, hatujui kama maneno hayo ni yako. Tunakuuliza mbele ya watu kwa sababu maswali tuliyoyapitisha kwenye kamati hayakuletewa jibu.

MAOMBI

Tungeweza kuomba spika na jenereta. Leo tunaomba neno moja tu kutoka kinywani mwako: kwamba Nakwa hachomwi mtu kwa ajili ya maigizo. Ukisema ni petroli, heshima yako kwetu iko palepale, lakini hatutaigiza. Tutarudisha viti kanisani na watu watakwenda nyumbani.

Tuna desturi moja. Feni ikishawashwa, kabla ya mchezo, Konstantini huingiza mkono ndani ya moto mbele ya Naipei, ule ule uliokunjamana, na Naipei naye huingiza wake. Asiyeingiza, haigizi. Kwingine mgeni rasmi hukata utepe. Sisi utepe hatuna. Tunakuomba upande jukwaani, usimame kati yao wawili, uingize mkono wako. Ukishautoa, wewe ndiye utakayetuambia kama tuanze.

Mungu akulinde usingizini na safarini, aibariki nyumba yako, na kila ngozi iliyo hapa leo irudi kwao kama ilivyokuja.

Ni sisi, Kikundi cha Maigizo Nakwa, Babati.
Msomaji: Xavery, katibu.