Futari ya Sadique Angani

Mwaka ule gesi ilipogunduliwa baharini, Bi Zuleica alimtangazia Germano, abiria wa pembeni yake, na chapa nzima, basi dogo la kwenda Palma, ikasikia: "Mwanangu Sadique anakwenda Brazili kusomea gesi! Ndege inaondoka Johannesburg asubuhi, masaa kumi angani. Ramadhani hiyo! Atafuturu kulekule juu."

"Mama," akasema Germano, "ndege inaelekea magharibi, inalifukuza jua. Atafika Brazili bado mchana."

"Basi rubani apunguze mwendo, jua litangulie!"

"Si ninyi Waislamu mnasema msafiri anaruhusiwa kula?"

"Wangu hali! Kwani akirudi, jua si litazama upesi? Atafidiwa."

Nusu ya abiria waliunga mkono rubani apunguze mwendo. Chapa iliposimama Palma, Bi Zuleica alitimua mbio hadi ofisi ya masomo ya gesi, kwenda kumwandikisha Sadique kwa mara ya kwanza. Foleni ya wanaoomba kwenda Brazili ilikuwa imeshazunguka jengo.