Mbolea ya Kuku ya Nchi Tatu: Maisha ya Gachanja Muriuki

Wapendwa waombolezaji, poleni, na asanteni kwa kuomboleza pamoja nasi. Mimi ni Teresiah, dada mkubwa wa marehemu, nasimama kwa niaba ya familia, na nikisita mahali mnivumilie.

Gachanja Muriuki alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 huko Makuyu, Murang'a, mtoto wa pili wa wazazi wetu, akasoma shule ya msingi papo hapo hadi mwaka wa 1975, akaendelea na sekondari mjini Thika, na mwaka wa 1983 akapata stashahada ya kilimo, mtu mbishi tangu utotoni, aliyeweza kukubishia kwamba mvua hainyeshi huku imemlowesha.

Januari 1984 aliajiriwa katika maabara ya udongo hapa Nairobi, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka wa 2021. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Jacklyne Adoyo, muuguzi, wakahamia Donholm, Mungu akawajalia Shiru mwaka wa 1994 na Owen mwaka wa 1997, pamoja na kuku thelathini wa mayai nyuma ya nyumba, ambao majirani mliwajua kwa harufu kabla ya kuwajua kwa mayai.

Mwaka wa 2002 alipelekwa masomoni Uholanzi kwa miezi sita, akaona jinsi wakulima wa huko wanavyotumia mbolea ya kuku wa mayai, akaandika vipimo vyao kwenye daftari, na Februari 2003 akaniletea Makuyu magunia ya mbolea mbichi kutoka mabanda ya Eastlands, tukaimwaga kwenye shamba langu kwa kipimo cha Uholanzi, siku ya nne tukapanda nyanya, na kabla ya wiki mbili kwisha miche yote ilikuwa imeungua. Nilimwambia ni mbolea, yeye akasema ni uvivu wangu wa kunyunyiza maji, akalisema tena kwenye harusi ya binamu yetu, mbele ya watu ambao wengine wameketi hapa leo. Iliniuma sana, nikaapa sitakanyaga Donholm, na kwa miaka kumi na mmoja sikukanyaga.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba nyanya zile zilimnyima raha. Aliwaandikia wenzake wa Uholanzi, akaenda Masaka, Uganda, mara mbili, akapima udongo wa kwetu kila msimu, hadi akaona kwamba Waholanzi humwaga mbolea ile udongo ukiwa baridi na wenye maji, wakangoja wiki kadhaa ndipo wapande, na wa Masaka huirundika na maganda ya kahawa miezi mitatu mpaka ipoe, ndipo waiweke kando ya migomba, lakini yeye aliitoa bandani ikiwa bado moto akaitia kwenye udongo mkavu wa Februari.

Tarehe 16 Agosti 2014 alifika kwangu na daftari lake, akakataa chai mpaka aseme kilichomleta, akawaita wanangu na majirani wawili, akatamka kwamba nyanya ziliuawa na kipimo chake na kwamba mimi sikuwa na kosa lolote. Nililia, nikacheka, kisha nikampikia. Msimu uliofuata tulitumia mbolea iliyokaa miezi mitatu chini ya nyasi, nami nikachuma nyanya mpaka nikachoka.

Novemba 2023 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, akatuacha Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, nyumbani Donholm, Jacklyne akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa maabara, na nyinyi majirani mliovumilia harufu ile miaka yote, na leo mnalia kana kwamba mtaikosa.

Wiki mbili kabla ya kuondoka alinishika mkono akaniambia kwamba kwenye mazishi husomwa habari za watu wasiowahi kukosea, na kwamba yake ikisomwa bila nyanya zangu, atakuwa amenisingizia mara ya pili. Basi Gachanja, nimesoma yote, na waliokusikia siku ya harusi wamesikia na leo. Pumzika kwa amani, mdogo wangu, maana hata mimi nimepumzika.