Nilitazama Namba, Sikutazama Bega

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyekubali kukaa kwenye kiti cha plastiki saa nzima bila kulalamika, Bwana Meneja wa soko na wajumbe wa kamati, fundi uliyetufungia kamera hizi ukapanda ngazi zetu mbovu na kushuka salama, askari wa lango, wafanyabiashara wenzangu wa ghorofa ya chini, na nyinyi wa ghorofa ya juu mnaojiona mko juu, wachukuzi, na wateja mlioingia kununua mkakuta hotuba: nawasalimu kila mmoja kwa nafasi yake. Ambaye sikumtaja asinune. Huenda nikamtaja mbele, tena kwa ubaya.

Nimeombwa nitoe neno la shukrani kwa niaba ya wenye meza, kwa kuwa mimi ndiye mkongwe wao. Vifungo, nyuzi na zipu nimeviuza hapa miaka thelathini na minane. Kamati ilinipa karatasi ya kusoma. Ina neno teknolojia mara kumi na moja, nimehesabu, na hakuna mahali ilipotaja mtu hata mmoja. Nimeiacha mezani kwangu chini ya boksi la sindano. Hii ninayosoma nimeiandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Shule niliachia darasa la nne, kwa hiyo mkisikia kosa, lisahihisheni kimoyomoyo.

Ndugu zangu, miezi mitatu soko hili limebishana juu ya kamera kana kwamba zimekuja kuposa binti yetu. Nimewasikiliza wote. Mezani kwangu watu husimama wakitafuta kifungo kinachofanana na kilichopotea, na mtu anayetafuta kifungo husema sana.

Wapo waliosema kamera zimeletwa kutuchungulia, zing'olewe zote. Nami nilikuwa mmoja wao, na sauti yangu mnaijua. Hao nawauliza: mchana ule moshi ulipotoka kwenye stoo ya magodoro, nani aliuona kwanza? Kamera namba tisa. Hilo nalikubali, na aliyekuwa akibisha anyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Lakini moto ulizimwa na nani? Na askari mnene wa lango la nyuma, aliyekuwa amekaa mbele ya kioo cha kamera akatazama kweli, akashuka ngazi mbilimbili na mtungi wa kuzimia moto, tumbo likimtangulia. Mngeweka kamera ishirini na nne na kiti kitupu mbele yake, leo tungekuwa na picha nzuri sana ya magodoro yakiungua.

Wapo wengine waliosema wizi umezidi, soko limekuwa pango, kila mtu afungiwe mashine mpaka mfukoni. Muuza ndoo jirani yangu aliniambia wanawake tisa wameporwa simu kwenye ngazi kwa wiki moja. Amewaona kwa macho yake, kwenye simu yake. Nikamwuliza, wote tisa walivaa gauni lile lile lenye maua ya njano? Akafikiri. Ilikuwa video moja. Alitumiwa na shemeji yake, na kinyozi, na kikundi cha familia, na watu wengine sita wenye vidole visivyotulia, naye kila alipoipokea alihesabu mwizi mpya. Ndivyo hofu inavyozaa siku hizi, haingoji hata miezi tisa.

Na lipo neno la tatu, ambalo nyote mmelisema, wa kundi hili na wa kundi lile, na Bwana Meneja akaliandikisha kwa rangi nyekundu pale juu ya ngazi: Asiye na kosa haogopi kamera. Ni neno tamu. Linampa msemaji usafi bila kuoga. Nami leo nimesimama kwa ajili ya neno hilo, maana nilipolisaidia lifanye kazi, lilimtoa mtu sokoni.

Mheshimiwa, wewe ni mgeni, nikueleze. Wachukuzi wetu ni zaidi ya mia moja. Vizibao vya namba ni sitini. Uongozi uliagiza sitini, vikaja sitini, basi. Bila kizibao mchukuzi hapewi mzigo, na akiondoka kwenye mstari zamu yake inapotea. Kwa hiyo wao wenyewe walijiwekea utaratibu miaka mingi iliyopita. Anayekwenda kula, kujisaidia au kuona mgonjwa hutundika kizibao kwenye msumari chini ya ngazi ya kusini, na mwenzake asiyekuwa nacho hukivaa na kuishika ile zamu mpaka mwenyewe arudi. Hakuna anayeandika. Ghorofa ya chini nzima inajua. Chumba cha kamera, kilicho juu, hakikujua, kwa sababu hakikuuliza, nasi hatukusema, kwa sababu tulikuwa tumenuna.

Wiki tano zilizopita, Jumatano, saa nne na nusu asubuhi, jora la kitambaa cha suti lilitoka duka la pembeni na kupita lango la kusini bila stakabadhi. Kamera ililiona. Ilimwona pia mwanamume aliyelibeba, jora limemfunika uso, na mgongoni ana namba kumi na saba. Namba kumi na saba ni ya mchukuzi mnayemwita Baba Pacha.

Sikilizeni, Baba Pacha si ndugu yangu wala mkwe wangu. Hata simpendi sana. Ana mdomo. Miaka kumi na mmoja ananibebea katoni zangu, na kila mara lazima aseme kwamba zipu zangu huacha njia kama mazungumzo yangu. Akiniona nimevaa vizuri huniita bibi harusi mbele ya wateja. Nasema haya msije mkadhani nimekuja kumtetea mtu wangu.

Siku ile waliniita juu kwa kuwa meza yangu inatazamana na lango la kusini. Wakanikalisha kiti laini, wakanionyesha picha. Bwana Meneja akaniuliza kama namjua yule. Nikasema, "Kumi na saba huyo. Baba Pacha. Ndiye."

Nilisema kwa maringo. Nilijiona mtaalamu. Wakanipa karatasi, nikatia sahihi yangu inayofanana na uzi uliokatika, nikashuka nikaendelea kuuza. Robo saa haikuisha.

Walipomtoa alipita mbele ya meza yangu. Alikuwa akiwaambia askari kwamba asubuhi ile alikuwa kliniki na mama watoto, wamempeleka pacha mmoja mwenye kifua, kadi ipo, wakaitazame. Askari wakamjibu kwamba kamera haidanganyi. Akanigeukia. Sikutegemea aseme kitu, lakini mdomo wake mnaujua.

"Bibi, miaka kumi na mmoja uko nyuma yangu unanihimiza nikaze mwendo," akasema. "Leo umenisahau mgongo?"

Nikamwambia asinitolee maneno, mgongo nimeuona na namba yake nimeiona. Wenzangu wa meza wakacheka. Nanyi mliocheka mmekaa hapo mbele, nawaona.

Wiki tatu nikalala usingizi wangu. Kisha mzigo wangu wa vifungo ukaja, akanibebea mchukuzi mwingine. Alipoinua katoni akaitupia bega la kushoto. Nikamwambia, wewe, katoni zangu hukaa bega la kulia. Akaniuliza ni sheria ya wapi. Haikuwa sheria. Ni kwamba Baba Pacha aliangukiwa na kreti la vigae zamani, na mkono wake wa kushoto haupandi juu ya kifua. Hawezi hata kujichania nywele upande ule. Miaka kumi na mmoja katoni zangu zimekaa kulia kwa sababu ya mkono huo, na mimi nikadhani ni utaratibu wa dunia.

Nikaacha meza wazi, jambo ambalo sijalifanya tangu nizae kitinda mimba, nikaenda lango la kusini. Picha imebandikwa pale, kubwa, na maandishi ya onyo chini yake. Jora liko bega la kushoto. Mkono wa kushoto umeinuka mpaka juu ya kichwa, umelikumbatia.

Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilikuwa na macho, na kiti laini, na kioo kikubwa kuliko meza yangu, na bado nilihitaji kuambiwa. Nilitazama namba, sikutazama bega. Namba ilikuwa kubwa na bega lilikuwa la mtu tu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, maana kidole changu kingeniuma mimi, na ulimi wangu umemuuma mwenye watoto wanne.

Nilipanda juu nikaomba kuona tena ile picha inayotembea. Kijana wa zamu akaniambia kwa adabu kwamba mashine huhifadhi siku kumi na nne, kisha hujifuta. Nikamwuliza, na jina la mtu hujifuta siku ya ngapi? Akasema hilo halijifuti. Fikirini jambo hilo mkiwa mmetulia. Ushahidi umekwenda, hukumu imebaki.

Mnasema mashine haina upendeleo. Kweli haina. Haina hata habari. Kamera haikumwita Baba Pacha mwizi. Ilionyesha jora, bega na namba, ikanyamaza, sisi ndio tukasema kwa niaba yake, kisha tukasema imesema yenyewe. Kamera haidanganyi, sawa. Na kioo cha kunyolea hakidanganyi, lakini wangapi hapa hujikata kila asubuhi?

Na mtakaoniuliza ni nani basi aliyevaa kizibao kile: sijui. Ninaye ninayemdhania, na nitakaa naye moyoni, kwa sababu nikimtaja nitakuwa nimerudia kosa lile lile, safari hii bila hata kamera.

Sasa, Mheshimiwa, nakuja kwenye kitufe kilicho mbele yako. Umeambiwa ni kitufe cha kufungua mitambo. Ukikibonyeza, fundi amenieleza mwenyewe wala hakunificha, orodha ya waliozuiwa itaingia kwenye malango ya masoko yote manne ya mji huu. Leo Baba Pacha hawezi kuingia hapa. Baada ya kidole chako hataweza kubeba mzigo popote. Jina lake ni la sita kwenye orodha, na ushahidi uliolipeleka pale ni mimi.

Kwa hiyo mbele yako na mbele ya soko hili, mimi muuza vifungo naondoa neno langu. Nilisema ndiye. Sikumjua. Kadi ya kliniki ninayo hapa, nimepewa na mama watoto wake, ina muhuri wa Jumatano ile na saa nne na dakika ishirini, na kliniki iko mwendo wa saa nzima. Naomba jina lifutwe kabla kitufe hakijabonyezwa.

Msipige makofi, sijamaliza, na makofi yenu nimeshayasikia yakipigwa kwa mambo mengi.

Bwana Meneja ananionyesha kwa mkono nikae. Anasema utaratibu unataka kikao, kikao ni Jumatatu. Bwana Meneja, wewe nimekuuzia vifungo vya sare yako ya shule, usinipungie mkono. Kumtoa mtu tulitumia robo saa, bila kikao, kwa neno la bibi mmoja aliyejisikia. Kumrudisha kunataka wajumbe wote na chai? Kama neno langu lilitosha siku ile, litoshe leo. Kama leo halitoshi, basi hata siku ile halikutosha. Chagua moja, nami nimesimama. Magoti yangu yanauma lakini yamezoea.

Mheshimiwa anamwuliza fundi kufuta jina kunachukua muda gani. Fundi, sema kwa sauti, hawa wa nyuma hawasikii. Anasema ni kubonyeza mara mbili.

Nangoja.

Anasema tayari. Namwomba anisomee jina la sita sasa ni nani. Anasema waliobaki ni watano, la sita hakuna. Haya. Na ile picha ya lango la kusini ibanduliwe leo, si Jumatatu, na askari mnene ndiye aibandue, kwa kuwa yeye akiambiwa tazama hutazama. Na vizibao viagizwe vingine mia, kila mtu awe na chake, na chumba cha juu kishuke siku moja kwa juma kikae nasi chini, kijifunze nani hubeba upande gani. Hayo hayahitaji mashine.

Mheshimiwa, bonyeza sasa. Kamera zako nazipokea, na ninazishukuru kwa yale zinayoweza.

Baba Pacha yuko ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la rangi, amekuwepo tangu asubuhi kwa kuwa nilimtumia ujumbe aje, wala sikumwambia kwa nini. Askari, mfungulieni. Wewe, vuka, pita langoni kama watu wengine, uje mpaka hapa mbele. Nilikukosea mbele za watu, na mbele za watu nimelisema. Kunisamehe au kutonisamehe ni hiari yako, kazi yako si hiari ya mtu.

Nawashukuru nyote mlionipa masikio yenu, hata mliokuwa mkitazama simu. Fundi, zima hii spika. Yaliyobaki nitamwambia mwenyewe, na si ya kusikiwa na soko.