Kuna Mwingine Anayejibu

Ukipanda kutoka mto Lhubiriha, mpakani na Congo, kuja Bwera mjini, utaona ukuta wa shule ya sekondari na kibanda cha mabati kilichouegemea kama mtoto anayeogopa mgeni. Kibanda ni cha Edisa, muuza kahawa ya tangawizi. Mbele yake lipo benchi la mkalitusi, na hapo ndipo tunaposhinda, isipokuwa Jumamosi, kwa sababu Edisa ni Msabato. Alhamisi ile ya mwaka 2014 benchi lilikuwa na wanaume watatu. Afande Asanasio, askari mstaafu, ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na saa kumi alikuwa na kikao shuleni: wamfukuze Sosthène, fundi wa kompyuta kutoka Butembo, au wamwache amalize kazi. Mtihani wa kompyuta ulikuwa Jumatatu iliyofuata, na Medius, mjukuu wa Afande, alikuwa mmoja wa watahiniwa. Pembeni yake alikaa Jonan, mtengeneza simu, tunayemwita Injinia. Wa tatu ni mimi, naitwa Mwalimu tu, kazi niliyoifanya mpaka mvi zikanikuta na chaki mkononi. Kathembo alikuwa amesimama, maana yeye hawezi kusema akiwa amekaa. Tunamwita Redio, redio isiyo na kitufe cha kuzima.

AFANDE: Sikiza, raia. Mimi nataka maneno fupi. Huyu fundi iko namna gani? Nikifika kwa kikao niseme nini?

REDIO: Sema atoke! Kompyuta ya shule ilikuwa nafunguka. Na virusi yake, ndiyo, lakini nafunguka. Yeye akatoa programu ya zamani, akakuja na hiyo Linux yake, ya kandege kale kanene. Sasa unawasha, unaona kioo nyeusi, maandishi nyeupe, halafu kimya.

EDISA: Kale kandege nilikaona. Kamekaa tu, kanatazama mutu.

REDIO: Ndege gani hairuki? Hapo tu ungejua.

Niliwaomba wanisikilize kidogo. Siku moja kabla, Sosthène alikuwa amenieleza kazi yake, nami niliwaeleza polepole kama ninavyokueleza wewe. Ameweka kompyuta moja iwe mama wa nyingine zote. Hiyo ndiyo seva. Kila kitu hupangwa ndani yake mara moja, kisha kila kompyuta huchukua nakala yake kupitia waya, bila fundi kuzunguka na diski meza hadi meza. Kompyuta ikiamka haina kitu kichwani. Hupaza sauti kwenye waya: mimi ni mgeni, nikae wapi? Seva huipa namba ya mahali pa kukaa, na huionyesha nakala ilipo. Ni kama mtoto wa siku ya kwanza aliyesimama mlangoni pa darasa.

INJINIA: Basi seva yake ni mbovu. Maneno imekwisha.

MIMI: Ameiweka upya mara kadhaa, Jonan. Ameshika kila waya mle chumbani. Anasema seva ni nzima. Anasema kuna mwingine anayejibu.

Afande akaweka kikombe chini.

AFANDE: Mwingine nani?

MIMI: Hajui. Kompyuta inauliza nikae wapi, na kabla seva haijafungua mdomo, mwingine ameshaipa namba. Inakwenda kukaa, inangoja nakala, na nakala haipo.

REDIO: Mumesikia? Mwingine! Huyo mutu iko Kasindi, ng'ambo ya mto. Amekaa kwa chumba na pazia, najibu kompyuta yetu kutoka kule. Kila kitu ya shule nahamia Congo!

EDISA: Kitu gani? Alama za batoto? Congo wafanye nayo nini?

REDIO: Wewe pika kahawa.

INJINIA: Kasindi ni karibu sana. Mimi naona setilaiti. Mutu iko Ulaya, najibu kutoka mbinguni.

Simu ya Afande ikalia mfukoni. Akaitoa, akatuonyesha video ya kwaya aliyotumiwa na binti yake wa Muhokya, akacheka, akairudisha. Lazima nieleze hapa kwamba benchi letu lina intaneti. Tunaiita neema, kwa kuwa hakuna anayeuliza inatoka wapi. Ilikuja likizo iliyopita, Jonan alipofunga kisanduku cheupe juu ya dirisha la Edisa. Mwanzoni simu zilikuwa zikikataliwa. Jonan akakifundisha kisanduku kuzigawia namba chenyewe, na kila simu ikapokelewa. Alipigiwa makofi. Mimi nina simu ya vitufe, kwa hiyo nilipiga makofi bila kupata kitu.

EDISA: Lakini askari wa shule aliniambia kitu. Anasema asubuhi sana mashini inakubali. Fundi anapata kompyuta moja, mbili, vizuri kabisa. Mimi nikifika hapa, nikiwasha taa, nikiweka maji, basi. Imekufa.

REDIO: Jini! Jini hapendi jua.

AFANDE: Jini gani nafika kazini saa moja kila siku? Hiyo ni adui na nidhamu. Nilikuwa naona porini: asubuhi kimya, jua ikipanda, risasi.

INJINIA: Kabisa, Afande! Adui! Sema hivyo kwa kikao. Sema afukuzwe leo leo, na seva yake aende nayo.

Nilimtazama Jonan. Siku zote yeye na Afande hawakubaliani hata juu ya mvua iliyowanyeshea pamoja. Nilipokuwa nikifundisha darasa la tatu huko Karusandara, kioo cha dirisha kilivunjika, na kuna mtoto aliyekuja kunieleza habari za upepo kabla sijamwuliza mtu yeyote. Jonan alikuwa na uso huo huo.

REDIO: Na Jumamosi je? Jumamosi ilifanya kutwa! Safu yote ya mbele ikapata nakala. Medius mwenyewe alisema, sindiyo Afande? Jumapili tukarudi hapa kunywa kahawa, tunasikia imekufa tena. Mashini inafanya kazi Sabato, siku ingine inapumzika! Umeona hiyo wapi?

EDISA: Banange, Redio, toa Sabato yangu kwa mambo ya umeme.

REDIO: Mimi nasema tu. Inaogopa kitu. Au inaogopa mutu. Na mutu huyo Jumamosi hayuko.

Aliposema hivyo akatutazama mmoja mmoja, nasi tukatazamana. Sijui wenzangu waliona nini usoni mwangu, lakini mimi sikupenda nilivyotazamwa.

AFANDE: Imetosha. Nitasema afukuzwe. Na mizigo yake ipekuliwe kwa mpaka.

Hapo ndipo Sosthène mwenyewe alipotokea kwenye lango la shule. Magoti yake yalikuwa na vumbi, na nywele zilikuwa na utando wa buibui wa darini. Alitusalimu kwa heshima, kila mtu na salamu yake.

REDIO: Karibu, mwenye ndege. Tulikuwa tunakutaja kwa mema.

SOSTHÈNE: Merci, papa. Mama Edisa, unipatie kahawa. Banasema saa kumi banifukuza, heri nifukuzwe na kitu mu tumbo.

Edisa akammiminia. Akakaa kwenye ncha ya benchi. Jonan akasogea zaidi ya ilivyohitajika.

SOSTHÈNE: Iko muzuri sana. Jumamosi nilikuja kuitafuta, haukukuwa.

EDISA: Jumamosi nafunga. Mimi ni Musabato.

SOSTHÈNE: Ah. Unafunga mulango tu?

EDISA: Nafunga yote. Nazima na umeme. Hata balbu haiwaki.

Sosthène akapuliza kahawa yake, akanywa funda moja, akaacha. Simu ya Afande ikalia. Juu ya dirisha, kisanduku cheupe kikapepesa taa yake ya kijani. Sosthène akainua macho. Akaitazama taa, akaufuata waya wake kwa macho, chini ya bati, nyuma ya jiko, mpaka ulipoingia kwenye tundu la ukuta.

SOSTHÈNE: Pardon, mama. Ile waya inaingia mu ukuta. Nyuma ya ukuta kuko nini?

Hilo ni swali ambalo mtoto yeyote wa Bwera angelijibu. Ukuta ule una chumba kimoja tu nyuma yake, na kila mmoja wetu alijua ni chumba cha kompyuta. Jonan alikuwa akiangalia viatu vyake. Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaufunga ukiwa mtupu. Simu ya Afande ikalia tena, naye akaibana kwa kiganja kama mtu anayemziba mtoto mdomo kanisani.

Edisa ndiye aliyesimama. Alijaza kikombe cha Sosthène mpaka juu, kisha akanyoosha mkono na kuuchomoa umeme.

Taa ya kijani ikafa. Simu ya Afande ikatulia. Tukangoja, na sikujua tunangoja nini, mpaka nyuma ya ukuta msichana mmoja alipopiga kelele.

— Inakuja! Hii yangu inakuja! Na ya Medius!

Viti vikaburutwa. Sosthène alikuwa ameshaondoka. Kahawa yake ilitoa mvuke peke yake kwenye benchi.

REDIO: Afande... na neema?

Afande akavaa kofia yake, akaikaza kwa mikono miwili.

AFANDE: Injinia. Simama.

INJINIA: Mimi? Mimi si mujumbe wa kamati.

AFANDE: Fundi alisema kuna mwingine nayejibu, sindiyo? Twende tukajibu.